MCHEZA UGENINI: KISA CHA SULTAN KHAN, BINGWA WA SATARANJI

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia yule achezaye kwa watu hupata nini. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie kisa cha mtu aliyecheza ugenini, akawashinda wenyeji mbele ya macho yao, akawaacha wamepigwa na bumbuazi, kisha akarudi kwao kimya kimya kuangalia shamba lake. Cheo alichostahili alikuja kupewa mwaka 2024, karibu miaka 58 tangu azikwe.

Kisa chenyewe kimenijia kwa sababu ya swali nililoulizwa hapa Mwatate. Mji wetu huu si mkubwa. Ni njia panda, pale barabara ya Wundanyi inapoiacha ile itokayo Voi kwenda Taveta na kuanza kupanda milima. Na ukitoka nje ya mji kidogo tu, macho yako yanakutana na mashamba ya mkonge. Kwenye mabaraza ya maduka utawakuta wazee na bao lao, na siku hizi, pembeni yao, utawakuta vijana wameinamia ubao wa mraba wenye vyumba 64, vyeusi na vyeupe. Vijana huuita mchezo huo chesi. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na jina lake tangu zamani: sataranji.

Bwana mmoja mwenye duka, mtu wa Mombasa aliyehamia huku siku nyingi, ana kijana wa kidato cha nne ambaye hasikii wala haoni ila mchezo huo. Tulikuwa tukinywa kahawa baada ya sala ya Alasiri akanigeukia, akasema, "Mwalimu, mwanangu ananiambia anataka kuwa grandimasta. Hebu nifahamishe. Hiyo ni kazi au ni maradhi? Na mtu huweza kula kwayo?"

Nikamwambia, "Bwana wangu, swali lako ni kubwa kuliko kikombe hiki cha kahawa." Nami naona si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wazazi wengi wa pwani na wa bara wana watoto wa namna hiyo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

MCHEZO WA MAKHALIFA

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Sataranji ilizaliwa India, ambako iliitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka India ikaenda Uajemi, Waarabu wakaipokea wakaiita shatranji, na Wazungu nao wakaipata kutoka kwa Waislamu. Hata leo neno analolitamka Mzungu anapomfunga mwenzake limetokana na "shah mat": mfalme hana pa kwenda.

Huko Baghdad, zama za Bani Abbas, alikuwako mtu aitwaye as-Suli. Alikuwa mwanachuoni wa historia na adabu, na katika sataranji hakuwa na mpinzani. Alimshinda mchezaji aliyependwa mno na Khalifa al-Muktafi, na hapo nyota yake ikang'aa. Alitunga fumbo moja la sataranji lililowashinda watu kwa karibu miaka elfu moja, mpaka bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika karne ya ishirini. Lakini as-Suli huyo aliyekaa na makhalifa alifia Basra mwaka 946, amekwisha kupoteza heshima yake mbele ya watawala. Shika jambo hilo, msomaji, kwani tutalikuta tena mbele.

Najua wapo watakaouliza juu ya halali na haramu. Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Linalojulikana ni kwamba maulamaa walikhitilafiana. Wako waliokataza kabisa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, mashuhuri ni kwamba mchezo huu ni makuruhu, wala si haramu, maadamu hauna kamari ndani yake, haumpitishi mtu wakati wa sala, wala haumtoi maneno machafu. Mwenye kutaka zaidi ya hapo na awaendee wenye elimu.

CHEO HIKI NI KITU GANI?

Grandimasta, au Bingwa Mkuu kama nitakavyomwita hapa, si sifa ya kupeana barazani. Ni cheo kinachotolewa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924. Mwaka 1950 shirikisho hilo lilitoa cheo hicho rasmi kwa mara ya kwanza, wakakipata watu 27. Mtu akishakipata hakipotezi, huzeeka nacho.

Siku hizi mwenye kukitafuta hana budi kutimiza mambo mawili. La kwanza, hesabu ya nguvu zake, ambayo hupanda akishinda na kushuka akishindwa, ifike 2500. La pili, afanye vizuri kwa kiwango kilichowekwa katika mashindano, kwa kawaida mara tatu, na michezo hiyo ikijumlishwa isipungue 27. Na katika mashindano hayo lazima akutane na watu ambao tayari wana vyeo.

Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mtoto wa Mwatate. Hata awe na akili kama upanga, hawezi kuwa Bingwa Mkuu kwa kuwafunga vijana wa mtaani. Lazima asafiri awafuate wenye cheo walipo, na wengi wao wako Ulaya. Hiyo ni nauli ya ndege, ni viza, ni chumba cha kulala, ni ada ya mashindano. Na akisharudi bila kitu, aende tena.

Na kipato je? Wachache walio kileleni hasa huishi kwa zawadi za mashindano, nao huishi vizuri. Wengine, hata wakiwa na cheo, hula kwa kufundisha, kwa kuandika vitabu, na kwa kuchezea vilabu vya Ulaya kwa malipo. Siku zao hupita kwenye vituo vya gari moshi na viwanja vya ndege, na usiku hupita mbele ya ubao wakitafuta kosa walilolifanya mchana. Ni kazi, naam, lakini ni kazi ya kusafiri na kungoja.

MTU WA PUNJABI

Sasa nimlete mtu wangu. Ukitazama reli inayopita hapa Mwatate, kumbuka kwamba ni reli ya vita. Ilianza kutandikwa kutoka Voi mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani upande wa Taveta, na waliotoa jasho humo walikuwamo mafundi na askari wa jeshi la India. Makaburi ya askari wa Kihindi wa vita hiyo yako Maktau na Taveta mpaka leo. Wengi wa Wahindi walioletwa kujenga reli za nchi yetu, tangu ile ya Mombasa iliyoanza mwaka 1896, walitoka Punjabi, na miongoni mwao Waislamu hawakuwa haba. Basi katika nchi hiyo hiyo ya Punjabi, katika kijiji cha Mitha Tiwana ambacho sasa kimo Pakistan, alizaliwa mwaka 1903 mtoto aliyepewa jina la Sultan Khan.

Baba yake alimfundisha sataranji alipokuwa na miaka tisa. Hiyo ilikuwa sataranji ya Kihindi, yenye kanuni zake. Kitunda, yaani yule askari mdogo wa mbele, hakuruhusiwa kuruka vyumba viwili katika hatua yake ya kwanza kama afanyavyo kwa Wazungu. Na mfalme naye alikuwa na njia yake nyingine ya kujisitiri. Kijana alipofika miaka ishirini na kitu hapakuwa na mtu katika Punjabi nzima wa kumweza.

Habari zake zikamfikia tajiri mmoja mwenye ardhi nyingi, Sir Umar Hayat Khan, Mwislamu mwenye cheo katika jeshi la Waingereza na mpenzi mkubwa wa sataranji. Akamchukua nyumbani kwake, akamgharimia, na akamfundisha kanuni za Kizungu. Mwaka 1928 Sultan Khan akaingia katika mashindano ya India nzima. Alicheza michezo tisa: alishinda minane, akatoka sare mmoja, hakushindwa hata mmoja.

Mwaka uliofuata Sir Umar alikwenda London, kwenye baraza lililomshauri waziri wa Uingereza juu ya mambo ya India. Akamchukua na bingwa wake.

LONDON YASTAAJABU

Fikiri, msomaji. Kijana ametoka kijijini, Kiingereza chake ni kidogo mno, baridi inamkata, na vitabu vya Wazungu vilivyojaa mbinu za kufungua mchezo hakupata kuvisoma. Waliandaliwa mashindano madogo ya kumzoesha, naye akafungana na mwenzake mkiani. Wachezaji wawili wa Kiingereza, William Winter na Frederick Yates, ambao walikuwamo katika mashindano hayo hayo, wakakaa naye kumnoa. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1929, yakafanyika mashindano ya ubingwa wa Uingereza huko Ramsgate. Aliyeyashinda ni Sultan Khan.

Alirudi kwao, kisha mwaka 1930 akaja tena Ulaya, na safari hii akawaendea wakubwa wenyewe. Mwisho wa mwaka huo, katika mashindano ya Hastings, alikutana na José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Capablanca alikuwa mtu ambaye kumshinda ni tukio la kuandikwa. Sultan Khan hakumrukia. Alimbana kidogo kidogo, hatua baada ya hatua, kama mtu akazaye kamba ya jahazi, mpaka Mcuba akakosa pumzi akakubali. Baadaye Capablanca mwenyewe aliandika kwamba kijana yule alikuwa na kipaji kisicho cha kawaida.

Mwaka 1931 alimshinda Savielly Tartakower katika pambano la watu wawili. Mwaka huo huo, mjini Prague, aliketi ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza katika mashindano ya mataifa, akawafunga Salo Flohr na Akiba Rubinstein, na akatoka sare na Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo. Ubingwa wa Uingereza akauchukua tena mwaka 1932 na mwaka 1933.

Wala hakuwa peke yake. Katika nyumba ya Sir Umar alikuwamo binti wa Kiislamu aliyejulikana kwa jina la Miss Fatima. Naye mwaka 1933 aliingia mashindano ya wanawake wa Uingereza, akayashinda kwa kumwacha wa pili nyuma kwa pointi tatu kamili. Basi mwaka huo, kwa wanaume na kwa wanawake, wenye ubingwa wa Uingereza walikuwa Waislamu wawili kutoka Punjabi!

UBORA BILA UENYEJI

Lakini nyuma ya sifa hizo palikuwa na mambo mengine. Homa ya malaria ilikuwa ikimrudiarudia, na baridi ya Kiingereza ilimpa maradhi ya koo. Mara nyingi alikuja kwenye ubao kichwa na shingo vimefungwa vitambaa. Hakuwa na pesa zake za kuendeshea mchezo. Alisafiri pale bwana wake aliposafiri, na alikaa pale bwana wake alipokaa. Mmarekani Reuben Fine ameeleza kwamba timu yao ilialikwa nyumbani kwa Sir Umar mwaka 1933, nao wakashangaa kuona anayewahudumia mezani ni bingwa yule yule waliyekuja kumheshimu. Vitabu vya Ulaya kwa miaka mingi vikamwita mtumishi, na vingine vikamwita mtumwa. Jamaa zake wameyakanusha hayo. Wanasema alitoka katika ukoo wenye ardhi na wenye kuheshimiwa kwa dini. Vyovyote iwavyo, mambo ya safari zake yalikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwisho wa mwaka 1933 Sir Umar alirejea India, naye Sultan Khan akarejea naye. Alikuwa na miaka 30, umri ambao wachezaji wengi ndio kwanza wanaingia katika ubora wao. Mwaka 1935 alicheza pambano la michezo kumi na bingwa mwenzake wa Kihindi, V. K. Khadilkar, akashinda tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo ulimwengu wa sataranji haukumsikia tena. Sir Umar akafariki mwaka 1944. Sultan Khan akaishi na shamba lake na watoto wake, mpaka kifua kikuu kilipomchukua huko Sargodha, tarehe 25 Aprili 1966. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 1950, FIDE ilipogawa vile vyeo 27 vya mwanzo, mtu huyu alikuwa hai. Rubinstein, ambaye alikuwa ameacha mashindano kwa muda mrefu, alipewa kwa heshima ya kazi yake ya zamani. Sultan Khan, aliyemshinda Rubinstein huyo huyo, hakupewa. Hakuwa na shirikisho la kwao la kumpigania, wala mtu wa kunyanyua mkono kikaoni akasema, "Na yule wa Punjabi je?" Ilikuja kuwa Februari 2024, mjini Islamabad, ndipo rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, alipokabidhi cheo cha heshima cha Bingwa Mkuu kwa jina la marehemu. Pakistan ikawa imempata Bingwa wake Mkuu wa kwanza, naye yuko kaburini.

Kuna jambo moja ambalo mwanawe amelisimulia, nami kila nikilikumbuka hunitia simanzi. Watoto walipomwomba baba yao awafundishe sataranji, alikataa. Aliwaambia watafute jambo lenye manufaa zaidi maishani. Mtu aliyemshinda Capablanca aliona mchezo wake si urithi wa kumwachia mwana!

WALIOKUJA BAADAYE

Je, neno hilo la baba ndilo la mwisho? Mimi nasema hapana, kwa sababu wamekuja wengine walioucheza mchezo huu bila kuufanya mguu wao wa pekee.

Mwafrika wa kwanza kupata cheo hiki ni Slim Bouaziz wa Tunisia, mwaka 1993. Wa kwanza kutoka nchi za kusini ya Sahara zenye kushabihiana na yetu ni Amon Simutowe wa Zambia, aliyezaliwa Ndola mwaka 1982. Huyo sataranji ilimfungulia mlango wa chuo kikuu cha Texas, Marekani, ambako alisomeshwa kwa ajili ya kipaji chake. Baadaye akasoma Oxford. Mwaka 2007, mjini Arnhem, Uholanzi, alikamilisha mara yake ya tatu, na mwaka 2009 akawa na cheo rasmi. Na Misri yuko Bassem Amin, Bingwa Mkuu tangu 2006, mchezaji wa kwanza wa Afrika kuvuka hesabu ya 2700. Bassem huyo ni daktari wa tiba. Ana ubao mkono huu, na kipimo cha moyo mkono wa pili.

Majirani zetu wa Uganda wana Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, ambaye habari zake ziliandikwa kitabu mwaka 2012 na kutolewa filamu mwaka 2016. Cheo chake katika mchezo ni kidogo, kiko mbali na Bingwa Mkuu. Lakini ubao ule ulimtoa Katwe ukamfikisha chuo kikuu. Ama Kenya, Uganda na Tanzania, zote tatu, hazijapata Bingwa Mkuu hata mmoja. Kiti kiko wazi.

JAWABU LANGU

Basi jawabu langu kwa mwenye duka, na kwa kila mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, ni hili. Mchezo huu si maradhi. Ni kazi, lakini ni kazi ambayo mlango wake ni mwembamba na ufunguo wake ni ghali. Usimkataze mtoto, wala usimwachie aache shule kwa ajili yake. Mwambie awe na elimu yake mwenyewe au fundi wake mwenyewe, apate kusafiri kwa miguu yake na kurudi kwa hiari yake. As-Suli alianguka pale watawala walipomgeuka. Sultan Khan alinyamaza pale bwana wake alipofunga mizigo. Akili zao hazikupungua hata chembe. Kilichokosekana ni njia iliyo yao wenyewe.

Na sisi wengine tunalo letu. Mashindano ya shule yanahitaji ubao, saa na nauli ya kushuka Voi au Mombasa. Mdhamini mmoja, hata awe mwema namna gani, hatoshi, kwani akiondoka yeye huondoka na mchezo. Kumi wakichanga kidogo kidogo, akitoka mmoja, tisa wamebaki.

Nirudi kwenye ile methali. Watu hudhani inamsifu mchezaji kwa kukaa kwao. Isikilize vizuri. Huku pwani ngoma ikipamba moto, mchezaji akiwa hodari, watazamaji husimama mmoja mmoja wakamtunza, huyu leso, huyu noti, mbele ya watu wote na yeye yu hai anaona. Mcheza kwao hutunzwa. Kazi ya kucheza ni ya mchezaji. Kazi ya kutunza ni ya nani, kama si yetu sisi tuliokaa kitako tukitazama?